Siku Mkwe Wangu Aliponiita Marwa

Safari yote, kwenda na kurudi, imekula shilingi laki sita na elfu arobaini na tatu. Nilipohesabu mara ya kwanza ilikuwa laki sita na arobaini. Mara ya pili nikakumbuka chai na maandazi ya Narok. Humo sijaweka jogoo, ambaye habari zake zinakuja, wala siku kumi na moja ambazo duka langu la maharage pale Bomani lilikaa mikononi mwa shemeji yangu, mtu anayepima kilo kwa huruma.

Naandika kwa sababu nimechoka kusimulia. Tangu nirudi Nkende, kila anayekuja kununua debe la maharage anataka kwanza kujua kama kweli nilizama baharini, kama kweli nilikufa nikafufuka, na kama kweli mkwe wangu alinipiga makofi mbele ya watu. Majibu ni haya: ndiyo, hapana, na inategemea wewe unaita nini makofi.

Mkwe mwenyewe ni Mwita, mume wa binti yangu Bhoke. Ni kijana wa Kenyamonta aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaenda kufanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye shule inayofundisha watu kuzama baharini kwa pumzi moja. Hakuna mtungi, hakuna mpira wa hewa. Unavuta pumzi, unashuka kwa kufuata kamba, unarudi. Miaka minne alikuwa msaidizi: anaosha boti, anabeba mapezi ya watu. Mwaka huu wakamwambia afanye mtihani wa ualimu. Mtihani wenyewe ni kumfundisha mtu mmoja ambaye hajawahi kuingia baharini, mbele ya msimamizi, mpaka mtu huyo afike mita kumi na mbili na arudi akiwa na akili zake. Mwanafunzi aliyempata, mpishi wa hoteli, aliugua masikio wiki moja kabla.

Mwita hakuniomba. Hawezi kuniomba. Aliyepiga simu ni Bhoke, na kwetu baba huitwa Tata: "Tata, wewe unajua kuogelea, na bahari hujawahi kuiona. Asipopata mtu anarudi kuosha boti, na safari hii amesema hataosha. Tutarudi nyumbani."

Kuogelea najua kweli. Ujombani kwangu ni Shirati, ziwani, na wajomba zangu Wajaluo walinitupa majini kabla sijajua kuhesabu. Lakini mimi ni baba mkwe. Kwetu baba mkwe na mkwe hawaogi mahali pamoja, hawagusani usoni, na mkwe hamwiti baba mkwe kwa jina hata akiona nyoka anamfuata nyuma. Nilimuuliza Bhoke kama amefikiria hayo. Akasema amefikiria, na pia amefikiria kodi ya nyumba.

Kenyamonta: unga na jogoo

Huwezi kwenda kwa mtoto wa mtu bila kupita kwa mtu. Nikachukua bodaboda mpaka Kenyamonta. Dereva alitaka elfu ishirini na tano, nikamshusha mpaka kumi na nane, naye akalipiza kisasi kwa kupakia mfuko wa chumvi kati yangu na yeye. Nilifika nikiwa nimekaa kwenye bomba la moshi.

Mzee Nyamhanga, baba yake Mwita, ni mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo, tukala ugali wa muhogo na maziwa ya mgando bila kutaja kilichonileta. Tulipomaliza akanipa kilo nne za unga wa ulezi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Halafu akasema maneno aliyokuwa ameyatunza tangu nifike: "Mwambie kijana akirudi hapa, arudi kwa likizo. Asirudi kwa aibu. Mimi watu nimeshawaambia ni mwalimu."

Ndipo nilipojua mtihani ule ulikuwa na watahiniwa wengi kuliko mmoja.

Sirari hadi Narok

Jogoo hakuruhusiwa kuvuka mpaka. Nikamwacha Sirari kwa binamu yangu Rhobi, anayeuza chapati upande wetu. Rhobi aliapa atamtunza kama mtoto wake. Niliporudi nilikuta kweli amemtunza, mpaka kwenye sufuria. Nikabakiziwa shingo.

Upande wa pili nikabadilisha pesa kwa kijana ambaye aliniita mzee mara saba, na kila aliponiita mzee kiwango kilishuka kidogo. Nilipohesabu mara ya pili ilikosekana mia mbili. Akacheka, akaitoa kwenye mkono wa shati: "Nilikuwa nacheki kama uko macho, mzee."

Basi lilipasuka tairi karibu na Narok. La akiba nalo lilikuwa limepasuka safari iliyopita, na konda alikuwa anajua. Tulikaa saa tatu. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kisii aliyekuwa anapeleka ndizi Nairobi kwa mwanawe. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda Kilifi kujifunza kubana pumzi.

"Kwani huko Tanzania pumzi imeisha?"

Nikamweleza vizuri: unashuka, unafika chini, unarudi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. "Na ukisahau kurudi?" akauliza. Nikanunua chai na maandazi, nikampa andazi moja ili abadilishe mazungumzo. Alilichukua, akanipa ndizi mbili, halafu akaniuliza tena.

Nairobi hadi Kilifi

Nairobi sina la kusema, nilipita nikiwa nimeshika mfuko. Kilifi nilifika kesho yake mchana, nikiwa nimevimba miguu. Bhoke alinipokea kituoni. Mwita alisimama nyuma yake hatua nne, akanisalimia akiangalia viatu vyangu, akabeba mzigo, akatangulia.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki. Nikaomba ugali, ukaja ugali wenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, nikauliza kama huo ni wa kuonja. Mwita alikula kwenye kizingiti cha mlango, mgongo kwetu, kama inavyotakiwa. Wakati huo akaingia msimamizi wa mtihani, Bi Zuhura, mama wa pwani wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kutohitaji kurudia. Alikuja kumwona mwanafunzi. Akamwona Mwita mlangoni, akaniona mimi kitini, akamwona Mwita akipokea chumvi bila kugeuka. Akamvuta Bhoke pembeni kumuuliza kama tuna kesi.

Bhoke akamweleza kwamba hiyo ndiyo heshima. Bi Zuhura akatuangalia tena. "Heshima hii," akasema, "mtafika nayo baharini?"

Pumzi za nchi kavu

Siku mbili za kwanza hatukugusa maji. Nililala kwenye mkeka nikajifunza kupumua, jambo ambalo nilidhani nimelifanya miaka hamsini na tatu bila malalamiko. Mara ya kwanza nilibana pumzi sekunde thelathini na nane. Jioni ya siku ya pili nilifika dakika moja na sekunde hamsini, Bhoke ameshika saa, mimi nahesabu moyoni ili kumhakiki.

Mwita alifundisha vizuri, ila alinifundisha kana kwamba sipo. Alisimama akiutazama ukuta akasema: "Mwanafunzi hazami peke yake hata siku moja. Mmoja akiwa chini, mwenzake yuko juu anamtazama. Mwanafunzi akirudi, anapumzika mara mbili ya muda aliokaa chini." Sheria hiyo ya mara mbili niliipenda hapo hapo. "Mwanafunzi akisikia maumivu ya sikio, anageuka. Hakuna anayemcheka."

Hilo la sikio lilinipa shida. Mimi nilitahiriwa mbele ya watu nikiwa nimesimama, na kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu: nisipepese. Sasa naambiwa nikisikia kitu kidogo sikioni nipige kona nirudi. Nikamwambia Bhoke amwambie mumewe kwamba hayo ni mafunzo ya watoto. Jibu likarudi kupitia Bhoke: baharini anayepepesa mapema ndiye anayezeeka.

Sheria ya mwisho ilikuwa ya pumzi. Kabla ya kushuka unapumua taratibu, unavuta moja kubwa, unakwenda. Hakuna kupumua haraka haraka. Nikauliza kwa nini, maana pumzi ni bure. Mwita akauambia ukuta kwamba kuhema kwingi hakukupi akiba. Kunafukuza tu ile haja inayokuonya kwamba hewa inaisha. Ni sawa na kumfukuza mlinzi halafu ukadhani umewamaliza wezi.

Nilielewa. Lakini kichwa cha mfanyabiashara hakikubali kitu cha bure kiachwe mezani.

Siku ya tatu: jina

Suti ya mpira ilinipanda kwa maji ya sabuni na msaada wa vijana wawili wa boti, Mwita akiwa amegeukia upande wa Somalia. Tukaenda mbali, mpaka maji yakabadilika rangi. Wakashusha boya na kamba yenye alama kila mita, chini yake sahani nyeupe.

Nilishuka mita tano, saba, tisa. Nisiwadanganye: ni pazuri. Kuna utulivu kule ambao Bomani haujawahi kuuzwa.

Kisha likaja zoezi la kuokoa. Mimi nijifanye nimezimia juu ya maji. Mwalimu anishike kichwa, anivue miwani, anigonge shavuni, anipulizie machoni, aniite kwa jina na aniambie nipumue. Nikalegea. Mwita akaja. Alinishika shingo kwa ncha za vidole, kama mtu anayeepua chungu cha moto bila kitambaa, akasema kwa sauti ya kanisani: "Tata. Kama inawezekana, upumue."

Bi Zuhura akamwambia arudie. Akarudia mara tatu. Mara ya tatu "kama inawezekana" iliondoka, lakini "Tata" ikabaki na vidole vikabaki viwili.

Tulipofika ufukweni Bi Zuhura alimwambia Mwita mbele yangu, bila ukali: "Mtu aliyezimia haisikii heshima. Anasikia jina lake, lile la kwanza kabisa. Kesho ukishindwa kumwita sikupitishi, mwanangu. Si kwa ubaya. Nitakuwa nimewapa watu mwalimu anayewaonea haya."

Nikamtuma Bhoke akamwambie mumewe kwamba namruhusu. Bhoke alikwenda uani, akarudi. "Anasema amesikia, anashukuru sana, na hawezi."

Siku ya nne: mita kumi na mbili

Asubuhi bahari ilikuwa shwari. Mwita alikuwa hajala. Nilijiwazia kwamba nikifika mita kumi na mbili bila kasoro, hilo la jina litasahaulika. Nitamfaulisha mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na ndiyo hesabu pekee ya safari hii niliyokosea mara zote mbili.

Nilishika boya nikapumua taratibu kama nilivyofundishwa. Halafu nikaongeza. Nyongeza tu, kama dukani: ukinunua kilo kumi nakuongezea kiganja. Nikahema upesi mara kumi na tano, nimegeuza uso. Mwita aliona. Naapa aliona, kwa sababu alifungua mdomo. Akaufunga. Nikavuta kubwa, nikaenda.

Nilishuka bila shida hata moja. Haja ya kupumua haikuja kabisa, nikajisifu. Nikaigusa sahani nyeupe. Na hapo, jamani, nikafanya jambo ambalo hakuna mtu wa pwani angelifanya: nikataka kuhakikisha kama kweli ni kumi na mbili. Kamba ni yao, alama ni zao. Nikazihesabu kwa macho kwenda juu mpaka zilipopotea, nikazihesabu tena. Zilikuwa sahihi.

Nikapanda. Njiani Mwita alikuja kunipokea, kichwa chini, akinitazama machoni. Miaka sita tangu aoe, hajawahi kunitazama machoni. Nikaona ana macho ya mama yake. Nikatoka juu, nikashika boya, nikafikiria bei ya maharage, na baada ya hapo sikuwepo.

Kilichonirudisha ni sauti. "Marwa. Pumua. Marwa. Pumua."

Nilijua ni mama, ananiita nitoke kwenye mtama. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo, jina tupu, bila Baba wala Mzee mbele yake, na mama ni marehemu miaka kumi na tisa. Nikapumua ili nimwitikie. Nikafungua macho nikaona uso wa Mwita, umbali wa shibiri, kiganja chake chote kizima shavuni kwangu, akigonga.

Bi Zuhura anasema ilikuwa sekunde sita. Bhoke, aliyekuwa kwenye boti, anasema kumi. Nimechukua nane.

Wakanivuta, wakaniwekea hewa ya mtungi. Mwita alikaa kwenye ukingo wa boti, miwani yangu bado mkononi mwake. Bi Zuhura akamuuliza: "Uliona akiongeza pumzi?"

"Niliona."

"Mbona hukumzuia?"

Nikajibu mimi, nikitoa ile barakoa ya hewa: "Kwa sababu ni mimi."

Akaniambia nirudishe hewa usoni, zamu yangu haijafika. Halafu akamwambia Mwita kwamba kuokoa ameokoa vizuri, hana la kusema. "Lakini mwalimu hapimwi kwa mtu aliyemtoa. Anapimwa kwa mtu aliyemkataza asiingie. Hilo bado sijaliona." Akampa siku moja nyingine, daktari akiniruhusu.

Siku ya sita: kwenye boti

Daktari alinipima, akanikagua masikio, akaniruhusu. Lakini usiku Bhoke alinielekezea feni kwa huruma, nikaamka pua zimeziba. Kidogo tu. Nikazisafisha kwa maji ya chumvi, nikapanda boti nikiwa nimefunga mdomo.

Mwita alikuwa anafunga kamba. Akaacha, akanikabili. Safari hii macho yalikuwa kwangu, si kwenye viatu vyangu.

"Tata, pua zimeziba."

"Vumbi la Kenyamonta."

"Kenyamonta uliondoka siku nane zilizopita."

"Basi mita sita."

"Hapana."

"Tatu. Nionekane tu nimeloa."

"Hata moja. Pua ikiziba masikio hayafunguki. Leo hushuki, Tata. Kaa hapo ushike kamba."

"Mura, kijana wangu, unajua nimetumia shilingi ngapi kufika hapa?"

"Najua. Bhoke ameniambia mara mbili, kama ulivyomwambia. Hushuki."

Nimeuza maharage miaka ishirini na sita. Nimepatana na Wakisii, Wajaluo, Waikoma, na padri mmoja aliyenunua kwa ajili ya shule. Kila mtu ana mahali anapolegea. Unamtafuta mpaka unapaona. Nilimtafuta Mwita mahali hapo, nikamtazama muda mrefu, hapakuwepo. Nikamgeukia Bi Zuhura, alikuwa anaangalia ndege. Nikamgeukia binti yangu, akanipa kamba.

Nikakaa. Nikaishika.

Bi Zuhura akatoa kalamu kwenye mkoba, akaandika mstari mmoja kwenye karatasi zake, akapiga sahihi juu ya goti. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja," akasema. "Hongera, mwalimu." Mwita akageuka haraka kuangalia injini, kana kwamba kuna kitu kimeharibika. Bhoke akacheka huku akijifuta macho kwa mtandio. Mimi nilikuwa nashughulika na kamba.

Kurudi Nkende

Njia ya kurudi haikuwa na jambo, ukiacha shingo ya jogoo. Jambo lilikuwa limenitangulia. Bhoke, kwa furaha, alimsimulia mama yake yote kwa simu. Mama yake akawasimulia wenzake wa kwaya wawili. Nilipoteremka Tarime, muuza vocha wa stendi aliniuliza kama shavu limepona.

Siku ya nne tangu nirudi, wazee wakaniita. Wamesikia mkwe amemwita baba mkwe wake kwa jina tupu, mbele ya watu, na kumshika uso. Kwa mila hilo ni mbuzi dume mmoja. Nikawaambia nilikuwa nimezimia. Wakasema wanashukuru Mungu, na ni mbuzi dume mmoja. Nikawaambia ilikuwa baharini. Mzee mmoja akaniuliza kama bahari iko nje ya ukoo. Watakaa Desemba, Mwita akija na mke wake kumwonyesha Mzee Nyamhanga cheti.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipo. Mwita hana mbuzi. Mshahara wa ualimu unaanza mwakani. Baba yake akiulizwa mbuzi atajua kuna kosa, na sherehe yake ya cheti itageuka baraza. Juzi nilikwenda mnadani nikanunua dume mweusi, mzima, mwenye mabaka mawili. Muuzaji akataja bei, nikatoa pesa. Alishtuka, akazihesabu mara mbili, akanifuata mpaka barabarani kuniuliza kama naumwa.

Mbuzi yuko hapa Nkende. Tatizo ni kwamba mila inataka atoke mkononi mwa mkosaji. Wazee wakijua ametoka kwangu, wanakuwa wawili. Mwita akijua, hatampokea, maana siku hizi kukataa anajua. Na sitaki alipe kwa lile jina. Siku nyingine nikiwa nimelala nusu, bado nalisikia, na naitikia.

Kwa hiyo naomba ushauri, na kama yupo, naomba mtu: anayekwenda Kenyamonta kabla ya Desemba, awezaye kuswaga mbuzi, kumtunza mpaka Mwita afike na kufunga mdomo, ambaye Mwita atamwamini akimwambia mbuzi huyu ni wake. Nauli na chakula ni juu yangu. Bei mtaje nyinyi.